Mwezi Ndani ya Mshahara

Neno mshahara lina mwezi ndani yake. Limetoka Kiarabu, ambako shahr ni mwezi, na mtu aliyelipwa kwa mushahara alilipwa kwa hesabu ya mwezi mmoja mmoja. Kibarua nacho ni barua ndogo. Zamani kule pwani, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na akakirudisha ili apewe fedha yake. Baadaye jina la kikaratasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kipande ni kipande cha karatasi ngumu, na kwa vizazi viwili vitatu kilimaanisha siku thelathini za kazi. Posho ilikuwa chakula cha wapagazi njiani, kisha ikawa unga wa mashambani, na leo ni ile fedha inayokaa pembeni ya mshahara kwenye karatasi ya malipo. Posho nitairudia, kwa sababu ina ujanja wake.

Nimekuwa nikiyapanga maneno haya kwenye daftari kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu historia ya kazi ya kulipwa katika eneo la Moshi. Ya pili ni ya kifamilia na nitaifikia. Ukiyatazama maneno kwa pamoja, unaona kitu hakipo. Tuna malipo yenye mwezi ndani yake, yenye siku, yenye karatasi, yenye chakula. Hatuna yenye saa. "Ovataimu" tumeichukua nzima kama ilivyo, na "saa za ziada" ni maneno ya ofisini ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyatamka kwenye daladala ya Kiboriloni. Lakini sheria ya kazi tuliyonayo leo imejengwa yote juu ya saa.

Kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ugomvi wa mishahara katika miteremko hii ya Kilimanjaro, kwa zaidi ya miaka mia moja, haukuwa juu ya kiasi peke yake. Ulikuwa juu ya kipimo. Mwenye fedha ndiye aliyechagua ananunua nini: safari, mwezi, kazi iliyokamilika, debe. Mwenye mikono akagundua baadaye ni nini kimebaki nje ya kipimo.

Tuanze na safari. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848, alikuja kwa njia ambayo misafara ya Waswahili ilikuwa inaijua. Pembe za ndovu zilitoka bara kwenda Pangani na Mombasa vichwani na mabegani mwa watu waliolipwa kwa mwezi au kwa safari, pamoja na posho. Katika mkataba wa namna hiyo siku haikuwa na urefu. Kama maji yalikuwa mbali, mlitembea mpaka kwenye maji. Kama mlifika mapema, mlipumzika. Hakuna aliyedai malipo ya jioni iliyozidi, kwa sababu hakuna jioni iliyokuwa imepimwa.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na vitabu vingi vinaishia hapo. Mimi huwa namfikiria Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kwenye kambi ya juu akilinda hema na kupika, mtu wa pwani kwenye baridi ile, huku wenzake wakipanda na kushuka kuleta chakula kutoka chini. Ukiniuliza alifanya kazi saa ngapi, sijui hata nianzie wapi. Je, kulala kwenye hema ambalo huruhusiwi kuliacha ni kazi? Walinzi wa usiku wa Moshi wanaliuliza swali hilo hilo leo.

Wajerumani walileta kipimo kingine. Kodi ilipoanza kutozwa miaka ya mwisho ya karne ile, fedha ikawa jambo la lazima, na fedha ilipatikana kwa walowezi au kwenye kazi za serikali. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mashamba yakafuata reli, na mashamba yakataka watu. Tatizo la mlowezi halikuwa kwamba watu hawakufanya kazi. Wenye vihamba na mifereji ya maji ya kuchimba kwa mkono hawakuwa wavivu. Tatizo lake lilikuwa kwamba walifanya kazi zao. Kule Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, utawala ulipata dawa mwaka 1907: kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie Mzungu kazi siku thelathini katika kila miezi minne, na ambaye kadi yake haikujaa angeweza kupelekwa kazi za umma.

Siku thelathini. Namba hiyo ilikaa sana nchini kwetu. Chini ya Waingereza, katika mashamba ya mkonge na mengineyo, kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku ulipewa kazi yako: mistari kadhaa ya kupalilia, au idadi ya matita ya mkonge ya kukata. Ukiimaliza, chumba kimoja kinawekwa alama. Usipoimaliza, siku hiyo haipo. Ulikuwepo, ulitoka jasho, jua lilikuchoma, lakini kwenye kadi hukuwepo. Fedha ilitolewa vyumba vyote thelathini vilipojaa, na kwa sababu ya mvua, homa au mnyapara mkali, vyumba thelathini havikujaa kwa siku thelathini.

Nikisimulia haya kwa wenzangu chuoni, wanatikisa vichwa kwa hasira, na wana haki. Lakini kipande kilikuwa na upande wa pili ambao wafanyakazi waliupenda na kuulinda. Mtu mwenye nguvu aliyeanza alfajiri aliweza kumaliza kazi yake kabla ya jua la mchana, na baada ya hapo hakuna aliyemwamuru. Mchana ulikuwa wake: alilima kibustani, alilala, alikunywa pombe. Mwajiri alijaribu kuirefusha kazi ya siku, mfanyakazi alijaribu kuifupisha, na vita hivyo vilipiganwa kwa kamba ya kupimia shambani. Katika mpango kama huo, ovataimu haina maana. Ulichouza ni mstari uliopaliliwa. Muda hukuuuza.

Sheria ya wakati huo haikuona haja ya kuupima muda pia. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mhalifu, mtu wa kufungwa au kupigwa faini. Idara ya Kazi ilianzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, mtu aliyejali sana chakula na malazi ya manamba njiani na kambini. Mdororo wa uchumi ulipokuja idara ikafungwa mwaka 1931. Serikali ikipungukiwa fedha, anayekagua mishahara ya wengine huondoka mapema.

Hapa Moshi, hata hivyo, mambo yalikwenda tofauti na kwenye mkonge, na tofauti hiyo ni kahawa. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliwahimiza Wachagga kuipanda. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu, na kutoka humo mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Walowezi walipinga kahawa ya Wachagga kwa sauti kubwa. Walisema italeta magonjwa ya mimea, walisema itachochea wizi wa kahawa mashambani mwao. Hoja iliyokuwa chini ya hoja hizo ilikuwa ya hesabu rahisi: mtu mwenye miti yake ya kahawa hajazi kadi ya mtu mwingine. Nadhani hii ndiyo sababu historia ya ushirika wa Kilimanjaro inapaswa kusomwa pia kama historia ya mishahara. Babu zetu wengi walikataa kuuza siku zao. Waliuza buni.

(Wake zao hawakuulizwa. Bibi yangu alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani mpaka kihambani, na saa hizo hazikuwahi kuandikwa popote, si na serikali, si na ushirika, si na babu.)

Kazi ambayo Mchagga hakuitaka ilifanywa na wengine. Kusini mwa mji, Arusha Chini, kampuni ya Kidenmaki ya A.P. Møller ilianzisha shamba la miwa mwaka 1930, ndilo TPC, na wakataji wengi wa miwa walitoka mikoa ya mbali. Hata leo mtu wa Uru au Kibosho akisema "anafanya kazi TPC", kuna namna anavyotazama chini kuelekea tambarare, kule kwenye joto.

Mabadiliko ya kweli yalianzia bandarini, mbali na mlima. Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam waligoma mara kwa mara kati ya 1939 na 1947, na mgomo wa Dar es Salaam wa 1947 ulipanda na reli kwenda bara. Bandarini meli inaposubiri, saa ina bei, na kila mtu anaiona bei hiyo. Frederick Cooper ameandika vizuri juu ya Mombasa, jinsi utawala ulivyotaka kumgeuza kibarua wa siku kuwa mtu wa mwezi, mwenye zamu na kengele. Baada ya hapo zikaja sheria: sheria ya ajira ya 1955 iliyochukua nafasi ya ile ya 1923, kisha, baada ya uhuru, kima cha chini cha mshahara kilichoanza Januari 1963. Mkonge ulijibu kwa kupunguza watu. Waliobaki walilipwa vizuri zaidi, na wengi wakarudi kwao. Nayapita haya haraka kwa sababu yameandikwa sana, na kwa sababu nina haraka ya kufika kwenye sheria ya 2004.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ndiyo iliyofuta ile ya 1955. Nilipoisoma mara ya kwanza niliisoma kama mtu wa historia, nikitafuta kipimo. Kipo kifungu cha 19. Saa za kawaida hazizidi tisa kwa siku, 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ambazo lazima mkubaliane, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na kila moja ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa vyovyote vile, siku ya kazi isizidi saa kumi na mbili. Kifungu cha 20 kinasema usiku unaanza saa mbili na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku huongezewa asilimia 5. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu za kitaifa ni malipo mara mbili.

Haya yote yanadai kwamba mwezi uvunjwe. Mwajiri analipa kwa mwezi, sheria inahesabu kwa saa, na kati yao kuna namba moja ya ajabu: 4.333. Ni wiki 52 kugawanya kwa miezi 12. Unachukua mshahara wa mwezi, unaugawanya kwa 4.333 kupata wiki, unagawanya wiki kwa saa za kawaida, unapata saa. Namba hiyo imo kwenye jedwali la kwanza mwishoni mwa sheria, mahali ambapo watu wachache hufika. Mimi naiona kuwa moja ya maandishi muhimu zaidi katika historia yetu ya kazi. Ndiyo inayoutoa mwezi ndani ya mshahara.

Kuna hata njia ya kulivunja debe. Wachuma kahawa katika mashamba makubwa wamelipwa kwa debe tangu enzi za walowezi, na debe ni ndugu wa kipande: unalipwa kilichojaa, na anayeshika debe ndiye anayeamua limejaa lini, limetikiswa mara ngapi, lina kilima juu au limesawazishwa. Kifungu cha 26 kinasema mtu anayelipwa kwa kipimo kisicho cha muda ahesabiwe kama analipwa kwa wiki, na mshahara wake wa msingi upatikane kutokana na alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Wiki kumi na tatu ni robo ya mwaka. Mchumaji anayekuja kwa msimu hafiki huko. Kwake huhesabiwa muda aliofanya kazi. Ni kifungu chenye akili. Sijakutana na mchumaji aliyewahi kukitumia.

Mlimani, mpagazi bado analipwa kwa siku. Mzigo wake una kikomo cha kilo 20, unapimwa getini kwenye mizani, na kiwango cha shilingi 20,000 kwa siku kimetajwa kwa miaka mingi na watetezi wa wapagazi, hasa mradi wa KPAP ulioanza mwaka 2003. Mizani ya kilo ipo. Ya saa haipo. Anaamka kabla ya mgeni, anang'oa hema baada ya mgeni kuondoka, anampita mgeni njiani akiwa na hema hilo hilo kichwani, analisimika kabla mgeni hajafika, kisha anateka maji. Ukimuuliza siku ya kazi ina saa ngapi atacheka. Siku ni kambi mpaka kambi. Mwini Amani angemwelewa kabisa.

Sasa jambo la kifamilia. Baba yangu mdogo ni mlinzi wa usiku katika ghala moja pembezoni mwa mji wa Moshi. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Zamu yake ni usiku mzima kama Kiswahili kinavyouhesabu, kutoka kumi na mbili mpaka kumi na mbili, na labda ndiyo sababu haikuwahi kumshangaza. Amefanya hivyo miaka mitano. Mwaka 2023, nikiwa likizo nyumbani, alinikuta barazani na karatasi zangu, nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti.

"Hiyo sheria unayosoma," akasema, "inawajua walinzi?"

Nikamwambia inawajua.

"Basi nifanyie hesabu, mwanangu. Siendi popote. Nataka kujua tu."

Alirudi na vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ya malipo: mshahara wa msingi 160,000, posho ya usafiri na chakula 40,000, jumla 200,000. Cha pili sikukitarajia. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, lililofunikwa kwa gazeti, ambamo tangu wiki ya kwanza ameandika kila zamu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na alama ya vema. Nilimuuliza kwa nini aliandika. Akasema marehemu baba yao, babu yangu, aliwahi kufanya kazi ya kipande kijana, na aliwaambia watoto wake kwamba kadi isipokuwa mfukoni mwako, siku si zako.

Tukahesabu. 160,000 kugawanya kwa 4.333 ni 36,926 kwa wiki. Kugawanya kwa 45 ni shilingi 820 na senti hamsini na nane kwa saa. Zamu sita za saa kumi na mbili ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27 za ziada. Kila moja ni mara moja na nusu, yaani shilingi 1,230 na ushee. Kwa wiki ni 33,233. Kwa mwezi ni 144,000. Ongeza asilimia 5 ya saa za usiku, sitini kila wiki, zikiwemo zile za ziada ambazo asilimia yake hupigwa juu ya kiwango cha ziada: kama 13,000 nyingine. Kila mwezi, juu ya kile anacholipwa, karibu shilingi 157,000.

Alikaa kimya. Kisha akataka turudie mgawanyo wa kwanza, ule wa 4.333, akaufanya mwenyewe kwa kalamu, polepole, kwa njia ndefu tuliyofundishwa shule ya msingi.

Ndipo nikamwonyesha ujanja wa posho. Sheria inaposema mshahara wa msingi, inatoa nje posho zote. Kama zile 200,000 zingekuwa zote mshahara wa msingi, deni la mwezi lingekuwa kama 196,000. Kwa kuhamisha 40,000 kwenda kwenye mstari unaoitwa posho, mwajiri amepunguza karibu 39,000 katika anachodaiwa, bila mlinzi kupoteza hata senti moja mkononi, na kwa hiyo bila mlinzi kushtuka. Posho ya msafara ilikuwa chakula ili mtu afike. Posho ya leo, ikitumiwa hivi, inaifanya saa yake kuwa rahisi.

Akaniuliza kama mwajiri hawezi kusema walikubaliana. Anaweza kusema. Kifungu cha 21 kinaruhusu wiki iliyobanwa, ambapo kwa mkataba wa maandishi mtu hufanya kazi hadi saa kumi na mbili kwa siku bila malipo ya ziada. Lakini siku hizo hazizidi tano kwa wiki, na saa za kawaida zinabaki 45. Yeye anafanya usiku sita. Tena saa zake za ziada katika wiki nne ni 108, na kikomo ni 50. Maana yake ni kwamba zamu yenyewe hairuhusiwi, hata kama angelipwa kila shilingi. Hilo lilimsumbua kuliko deni. Alikuwa anatarajia niseme amepunjwa. Hakutarajia kusikia kwamba kazi aliyoifanya miaka mitano, kwa mujibu wa karatasi, haikutakiwa kuwepo.

Naandika haya bila kujua atafanya nini. Madai ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kanuni zinatoa siku 60 tangu mgogoro kutokea. Aliyechelewa anaomba kibali na kutoa sababu. Kila mwezi anaoendelea kulinda lile ghala, mwezi mwingine wa zamani unazidi kuwa mgumu kuudai. Na akidai, anadai akiwa na umri wa miaka 57, katika mji ambao vijana wa kulinda magetini hawakosekani, na mtoto wake wa mwisho yuko chuo cha ualimu. Wanasheria niliowauliza walisema daftari lake lina thamani, na kwamba mwajiri asipoleta mkataba wala maelezo ya kazi ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Walisema pia, kwa upole, kwamba wengi husuluhishwa kwa sehemu ya deni na kusaini. Shangazi anasema aache. Mama anasema aende. Mimi nimejikuta nikinyamaza kwenye mazungumzo hayo, kwa sababu kukokotoa ni rahisi kwa mtu ambaye ada yake imelipwa, na kazi itakayopotea si yangu.

Jioni ile hatukuzungumza juu ya Tume. Alikuwa amebakiza nusu saa kabla ya kuondoka kwenda zamu. Alifunga karatasi ya malipo ndani ya daftari, kisha akalifungua tena.

"Na Krismasi?" akauliza.

Msomaji wa huku anajua uzito wa swali hilo. Desemba Wachagga hurudi nyumbani. Mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa, vihamba hujaa, mbege hujaa. Nikamwambia sikukuu ni mara mbili kwa kila saa. Zamu ya tarehe 25 inaanza jioni ya Krismasi na kwisha asubuhi ya tarehe 26, ambayo nayo ni sikukuu, kwa hiyo saa zote kumi na mbili zinaingia: shilingi 19,694. Ya tarehe 24 inaingiza zile sita za baada ya usiku wa manane. Ya tarehe 26 inaingiza sita za kabla yake.

"Miaka mitano," akasema, "na sijala nyama ya Krismasi ikiwa moto."

Akalamba kidole na kuanza kufunua kurasa kurudi nyuma, akitafuta Desemba ya kwanza.